Hisabati ya Mwendo wa Miguu: Kupanga Safari ya Hija Siku kwa Siku

Utangulizi

Mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari huko Chitete, wilayani Momba, aweza kuwapa wanafunzi wake swali hili: Mahujaji wana kilometa 234 za kutembea kwa siku 8; je, kila siku watembee kilometa ngapi? Darasa zima litagawanya na kujibu: kilometa 29 na ziada. Ubaoni jibu hilo ni sahihi. Barabarani, msafara utakaolifuata utaingiliwa na giza kabla ya kufika kituoni. Makala haya yanaeleza sababu yake, na namna ya kufanya hesabu iliyo salama.

Hija ya Namugongo

Tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto huko Namugongo, karibu na Kampala, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu; Waanglikana nao huwaadhimisha mashahidi wao huko huko. Kila mwaka, ifikapo tarehe 3 Juni, umati mkubwa hukusanyika Namugongo, na baadhi ya mahujaji hufika kwa miguu baada ya kutembea siku nyingi. Miongoni mwao wamo wazee, vijana, na watu ambao hawajapata kutembea mwendo mrefu maishani mwao.

Tuchukue kikundi cha kufikirika kinachoanzia Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Umbali wa njia yao, kwa makadirio, ni huu:

Mutukula hadi Kyotera: km 45
Kyotera hadi Masaka: km 45
Masaka hadi Lukaya: km 25
Lukaya hadi Kayabwe: km 30
Kayabwe hadi Mpigi: km 37
Mpigi hadi Kampala: km 37
Kampala hadi Namugongo: km 15

Wastani huficha mambo

Burton na Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Walitumia siku 134 kwa mwendo wa kilometa 960 hivi. Wastani ni kilometa 7 tu kwa siku. Je, wapagazi wao walikuwa wavivu? La hasha. Siku ya kutembea walikwenda zaidi ya hapo. Lakini zilikuwapo siku za homa, za kutafuta chakula na za kungoja wapagazi. Wastani huchanganya siku za mwendo na siku za kukaa, na haumwambii msafiri lolote juu ya siku ya kesho.

Tupime kwa saa

Kipimo kinachofaa ni saa, tena saa za yule aendaye polepole kuliko wote, kwani msafara usiomwacha mtu nyuma huenda kwa mwendo wake. Tuseme mtu huyo hutembea kilometa 4 kwa saa, na kila baada ya dakika 50 hupumzika dakika 10. Katika saa nzima atakuwa amekwenda 4 × 50/60, yaani kilometa 3.3 hivi. Tuongeze saa 2 za chakula na kivuli wakati wa jua kali. Kikundi kikiondoka saa 12 asubuhi, matokeo ni haya:

Km 25: mwendo saa 7½, kufika saa 9.30 alasiri.
Km 30: mwendo saa 9, kufika saa 11 jioni.
Km 37: mwendo saa 11 na dakika 6, kufika saa 1.06 usiku.

Huko jua huzama karibu saa 12.45 jioni. Basi mpango wa siku 8, ukimlazimisha mzee atoke Kayabwe afike Mpigi kwa siku moja, utamwacha gizani kandokando ya barabara kuu yenye malori, akiwa amechoka kupita siku zote. Hapo kosa la hesabu laweza kugharimu maisha.

Mwili nao una hesabu yake

Mtu wa kilo 65 hivi hutumia karibu kilokalori 35 za ziada kwa kila kilometa ya tambarare. Kilometa 25 ni kilokalori 875, sawa na gramu 240 hivi za unga wa mahindi, juu ya chakula chake cha kila siku. Jasho huondoa maji pamoja na chumvi, kwa hiyo vyote viwili virudishwe. Ngozi ya nyayo nayo huhitaji siku kadhaa kuzoea msuguano. Ndiyo maana siku za kwanza ziwe fupi. Mwezi Mei mvua za masika huwa hazijakwisha upande huo, na soksi iliyolowa huharakisha malengelenge.

Mpango uliosahihishwa

Tuhesabu kinyumenyume kutoka sikukuu. Kikundi kiondoke tarehe 22 Mei. Kyotera kifike kwa siku mbili, na Masaka kwa siku mbili nyingine. Siku ya 5 ni ya kupumzika na kutibu miguu. Siku ya 6 kilale Lukaya. Siku ya 7 ndiyo ndefu, kilometa 30, kwa kuwa kati ya Lukaya na Kayabwe barabara hukatiza bonde la majimaji la Lwera, ambalo si mahali pa kulala. Kayabwe hadi Mpigi ni siku mbili, na Mpigi hadi Kampala ni mbili. Siku ya 12, tarehe 2 Juni, kikundi kitaingia Namugongo, mkesha wa sikukuu, pamoja na mzee wake.

Zoezi

1. Pimeni meta 100 kwa kamba katika uwanja wa shule. Kila mwanafunzi atembee kwa mwendo wake wa kawaida, kwanza bila mzigo, kisha akiwa na mzigo wa kilo 5. Tafuteni kasi ya kila mmoja kwa kilometa kwa saa.
2. Tafuteni wastani wa darasa, kisha kasi ya aliye wa mwisho. Tofauti hiyo itazaa saa ngapi katika kilometa 25?
3. Choreni njia ya kutoka Chitete hadi Tunduma. Onyesheni mahali penye maji, kivuli na pa kulala, kisha gawanyeni safari kwa siku. Je, ni umbali au ni maji yaliyoamua vituo vyenu?