Dondoo muhimu: Vifaranga wiki ya kwanza

Baridi ndiyo adui wa kwanza wa kifaranga, anza nayo.

1. Washa taa au jiko kabla hawajafika. Joto liwe nyuzi 32 hadi 35.
2. Waamini vifaranga kuliko kipimajoto: wakirundikana wana baridi, wakikimbilia pembeni wakihema, punguza joto.
3. Jiko la mkaa? Likolee nje kwanza, na dirisha libaki wazi kidogo usiku kucha. Hewa ya mkaa huua kimyakimya.
4. Zungushia kadibodi kwa duara. Kwenye kona hulaliana.
5. Tia kokoto kwenye sahani ya maji, wasizame.
6. Kinyesi kikiganda nyuma, kilainishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Usikibandue kikavu, utamchuna.
7. Chanjo ya kideri: siku ya 7. Ya kunywa isichanganywe na maji yenye klorini.