SOMO: NGAZI NI NYUMBA NDOGO, IPENI MSINGI WAKE



Siku hizi watu wengi katika vikundi vyetu wanajenga nyumba za matofali ya kuchoma, na vikundi vingine vimeanza maghala na kumbi zao. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini nyumba zetu nyingi ziko kwenye mteremko. Ukianza Kimilili ukapanda kwenda Kapsokwony, au ukitoka Kitale kuelekea milima ya Cherangani, kiwanja kilicho sawa ni bahati. Mtu akitaka sakafu yake ikae sawa, upande mmoja wa nyumba unagusa ardhi na upande wa pili unainuka futi tatu au nne. Hapo mlango unahitaji ngazi.

Sasa angalieni jinsi ngazi hiyo inavyojengwa. Pesa imekwisha kwa mabati na milango. Fundi anasema, "Hiyo ni kazi kidogo mama, nitaimaliza leo." Anachukua matofali yaliyobaki, anayapanga juu ya udongo, anapiga plasta, na jioni inapendeza kabisa. Mvua ya masika ikija mara mbili, ngazi imeachana na nyumba. Kuna ufa unaoweza kuingiza mkono, na kidato cha juu kimeinama mbele.

Anayeumia hapo ni nani? Ni mama mwenye ndoo ya maji kichwani, ni mjamzito, ni mtoto, ni mzee anayetembea kwa mkongojo. Katika parokia moja mama mzee alianguka kwa ngazi ya namna hii akavunjika nyonga. Kikundi chake kilichanga pesa za hospitali, na mchango huo ulipita gharama ya kujenga ngazi mpya. Huyo mama hajarudi shambani hadi leo. Kwa hivyo somo letu sio la mafundi peke yao. Mwenye nyumba anayejua mambo haya hawezi kudanganywa.

1. Kwa nini ngazi huachana na nyumba

Kumbukeni vile msingi wa nyumba ulivyochimbwa. Mtaro ulikuwa mpana kuliko ukuta. Ukuta ulipoinuka, nafasi iliyobaki kando yake ilijazwa udongo uliotolewa pale pale. Udongo huo wa kurudishia unaonekana mgumu juu, lakini ndani ni laini, na mvua ikiingia unazama. Sasa ngazi imekaa wapi? Imekaa juu ya udongo huo huo! Nyumba imesimama imara kwa msingi wake, ngazi inazama peke yake. Lazima ziachane.

Tena watu hudharau uzito wa ngazi. Ngazi ya vidato sita, upana wa futi nne, pamoja na kibaraza cha futi tatu mbele ya mlango, ikijazwa mawe ndani ina uzito wa karibu tani nne. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya magunia 40 ya mahindi ya kilo 90. Nani kati yetu angeweka magunia 40 juu ya shimo lililofukiwa juzi?

Vitabu vya ujenzi vya nchi za baridi, kama Marekani, vinasema msingi wa ngazi uende chini kupita pale ardhi inapoganda wakati wa baridi. Kwetu ardhi haigandi. Adui zetu ni watatu: udongo uliofukiwa, maji ya mvua, na mchwa.

2. Kupima kabla ya kuchimba

Pimeni kwanza kutoka ardhini hadi juu ya sakafu ya nyumba, mkitumia ubao ulionyooka na pima maji. Tuseme mmepata inchi 39. Kidato kizuri kinapanda inchi 6 hadi 7. Gawanyeni 39 kwa 6, mnapata inchi 6 na nusu kwa kila kidato. Basi mtapanda mara sita. Mara ya sita mguu unakanyaga kibaraza chenyewe, kwa hiyo mahali pa kukanyagia chini ya kibaraza ni patano.

Upana wa kukanyagia uwe inchi 10 hadi 12. Mafundi wazuri wana kanuni moja: zidisha kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wa kukanyagia, jibu liwe karibu inchi 24 au 25. Kwetu hapa, 6 na nusu mara mbili ni 13, ongeza 11 ni 24. Iko sawa. Ngazi itatoka mbele inchi 55, yaani 11 mara tano, na kibaraza kitaongeza inchi 36. Jumla ni inchi 91, yaani futi 7 na inchi 7. Huo ndio urefu wa kiwanja cha ngazi yenu.

Jambo kubwa: vidato vyote viwe na kimo kimoja. Mguu wa binadamu unajifunza kidato cha kwanza na cha pili, halafu unaenda bila kutazama. Kidato kimoja kikizidi hata kwa nusu inchi, mguu unajikwaa, hasa usiku. Makosa hutokea sana kwa kidato cha chini kabisa, kwa sababu fundi alisahau kuhesabu unene wa plasta au sakafu ya nje.

3. Msingi wenyewe

Fuateni hatua hizi:

(a) Ondoeni udongo wa juu wenye mizizi na mboji. Huo ni wa kulima, haubebi kitu.

(b) Chimbeni mtaro kuzunguka umbo la ngazi, upana wa inchi 18, mpaka mfikie udongo wa asili ambao haujawahi kuchimbwa. Kwenye udongo mwekundu ulio imara, futi moja na nusu hadi mbili mara nyingi inatosha. Karibu na ukuta wa nyumba itabidi kwenda chini zaidi, kupita ule udongo wa kurudishia. Msichimbe chini ya msingi wa nyumba!

(c) Jaribuni ardhi. Chukueni chuma cha unene wa kidole mkipige chini kwa nyundo. Kikizama upesi upesi, endeleeni kuchimba.

(d) Kama ni ule udongo mweusi wa kunata, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, msimwage zege juu yake. Utainua na kushusha ngazi kila mwaka. Ukiwa haujaenda chini sana, utoeni wote hadi udongo ulio chini yake, mjaze mawe na changarawe mkishindilia. Ukiwa wa kina kirefu, muiteni mtu aliyesomea ujenzi.

(e) Chini ya mtaro pawe sawa kwa pima maji. Kwenye mteremko, chimbeni kwa hatua kama ngazi. Mtaro ulioinama hutelezesha mzigo wote.

(f) Mwageni zege unene wa inchi 6: karai 1 ya simiti, 3 za mchanga safi, 6 za kokoto. Mchanga wa mtoni wenye matope uoshwe kwanza. Maji yawe kiasi. Zege inayotiririka kama uji inakauka ikiwa dhaifu.

Juu ya msingi huo jengeni kuta za pembeni na ya mbele kwa matofali yaliyoiva vizuri, unene wa inchi 9. Tofali lililoiva ukiligonga linalia kama kengele. Yaloweshwe maji kabla ya kujenga. Katikati jazeni mawe na changarawe, sio udongo wa shambani. Shindilieni kila inchi 6, msingoje shimo lijae ndipo mshindilie. Mwisho mwageni zege ya vidato, unene wa inchi 4, kwa karai 1 ya simiti, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Funikeni kwa magunia mkiyamwagia maji siku saba. Simiti haipati nguvu kwa kukaushwa na jua, inapata nguvu kwa kunyweshwa.

Ngazi ya mfano wetu itahitaji kama mifuko 8 hadi 10 ya simiti ya kilo 50. Mkiletewa hesabu ya mifuko 4, ulizeni ni kitu gani kimeachwa. Mara nyingi ni msingi.

4. Ifungwe na nyumba, au iachwe?

Hapa chagueni moja. Kama nyumba bado inajengwa, chimbeni msingi wa ngazi pamoja na wa nyumba, kuta zishikane na vyuma vipite kutoka msingi mmoja hadi mwingine. Kama nyumba ilikwisha simama zamani, ijengeni ngazi ijitegemee, na kati yake na ukuta wekeni nafasi ya nusu inchi yenye nailoni nzito au ubao laini. Juu ya nafasi hiyo pakeni lami ili maji yasiingie. Ngazi ikishuka kidogo, haitararua ukuta. Kuibandika kwa plasta peke yake ndiko kunakoleta ule ufa.

5. Maji

Eneo letu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Maji ya mabati yakidondoka mbele ya ngazi yatachimba msingi pole pole. Wekeni mfereji wa mabati na pipa. Mtapata pia maji ya kufulia. Kila kidato kiinamie mbele kidogo sana, robo inchi tu, maji yasisimame. Kwenye mteremko, chimbeni mtaro juu ya nyumba ili maji yapite kando.

6. Ngazi ya mbao ya ghala

Wazee wetu hawakuweka ghala la nafaka moja kwa moja juu ya ardhi. Waliliinua. Walijua unyevu na mchwa. Basi nasi tusizike miguu ya ngazi udongoni, hata kama mbao ni ya mkaratusi mgumu. Mwageni kitako cha zege kinachoinuka inchi 6 juu ya ardhi, na mguu wa ngazi usimame juu yake, umeshikwa kwa bamba la chuma na bolti. Mchwa akipanda mtaona njia yake ya udongo mapema, muiondoe.

Zile mbao mbili za pembeni zinazobeba vidato ziwe inchi 12 kwa 2. Fundi akizikata meno, mbao inayobaki nyuma ya jino isipungue inchi 5. Ngazi ikizidi upana wa futi tatu, ongezeni mbao ya tatu katikati. Na huko juu, mbao hizo zikalie boriti, zisining'inie kwa misumari. Msumari uliopigwa kwenye kichwa cha mbao huchomoka siku mtu anapopanda na gunia begani.

7. Ngazi ya orofa na ya watu wengi

Ngazi ya zege inayoning'inia kwenda orofa sio kazi ya kubahatisha. Shikeni muwa kwa ncha mbili, mtu aukandamize katikati. Unapasuka upande wa chini kwanza. Vivyo hivyo, ngazi ya namna hii ikibeba watu inavutika upande wa chini, kwa hiyo vyuma vikubwa vinakaa karibu na tumbo lake, vikiwa vimefunikwa na inchi moja ya zege, na vinaingia ndani ya kibaraza. Nguzo za kushikilia zikae majuma mawili hadi matatu. Kazi hii ni ya injinia na ramani iliyopitishwa na kaunti. Sote tunakumbuka jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka tarehe 29 Aprili 2016 baada ya mvua kubwa, na karibu watu 50 wakafa.

Tena tusisahau jirani zetu wa Kakamega. Tarehe 3 Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, wanafunzi walikanyagana wakishuka ngazi kwenda nyumbani, na wasiopungua 13 walipoteza maisha. Kikundi kinachojenga ukumbi wa orofa kipange njia mbili za kushuka, ngazi pana, na reli pande zote mbili. Reli iwe na kimo cha futi tatu, na nafasi katikati ya vyuma visipitishe ngumi ya mtu mzima, maana pakipita ngumi, kichwa cha mtoto mchanga kinaweza kufuata.

Neno la imani

Someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Kwa hiyo usalama wa anayepanda na kushuka ni deni la mwenye nyumba mbele za Mungu. Mgeni hajui kama ulikosa mfuko mmoja wa simiti. Yeye anakanyaga akiamini.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika boma zetu, ni ngazi ngapi zimeachana na ukuta? Zimekaa juu ya udongo gani?
2. Ni nani katika kikundi anayeshindwa kutoka nje kwa sababu ya ngazi mbaya?
3. Tukikutana mara moja kwa mwezi, tunaweza kutengeneza ngazi ya nani kwanza, na kila mtu alete nini?

Kazi ya kufanya

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja apime vidato vya nyumbani kwake kwa kamba au rula, aandike kimo cha kila kimoja. Leteni vipimo hivyo tuvilinganishe. Mtashangaa.

Mungu abariki kazi za mikono yenu.