Mali ya Vita na Hesabu Yake

Yafaa ijulikane ya kuwa mali ya umma huibwa nyakati zote, lakini hakuna wakati ambao mwizi hupata kificho kizuri kama wakati wa vita. Katika siku za amani, karani wa serikali akinunua majembe, mkulima wa Iramba aijua bei ya jembe, na bei ikipita kiasi atauliza. Lakini ikinunuliwa ndege ya vita, ni nani katika Kiomboi au Manyoni aijuaye bei yake? Na akithubutu kuuliza, ataambiwa kwamba hiyo ni siri ya jeshi. Tena vita ina haraka, na mwenye haraka hapatani bei. Basi mambo haya, ujinga wa bei na siri na haraka, yakikutana mahali pamoja, dalali mwovu hahitaji kuvunja mlango wa hazina, kwa kuwa atafunguliwa mlango wenyewe na kuwekewa sahihi.

Nchi ya Singida si ngeni kwa jambo hili. Katika Vita Kuu ya kwanza majeshi yalipita katika nchi zile za kati, na Kilimatinde ilitwaliwa na Waingereza mwisho wa Julai 1916. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka, yakachukua na watu wa kubeba mizigo, na njaa kubwa iliyofuata katika Ugogo mpaka mwaka 1920 yakumbukwa mpaka leo kwa jina la Mtunya. Wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika vita ile walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na waliokufa, wengi wao kwa kuhara na homa, walikuwa makumi ya maelfu. Kila mpagazi alikuwa na ujira wake katika daftari. Waliokufa hawakuja kuupokea, na wengi katika warithi wao hawakujua ya kuwa kuna kitu cha kupokea. Fedha hizo zilipodaiwa baadaye ziwafae watu wa Afrika Mashariki, London ilikataa kuzitoa. Kwa hiyo jina la Kariakoo katika Dar es Salaam, litokalo katika jina la Kiingereza la jeshi lile la wapagazi, ni jina la soko juu ya deni ambalo wengi walikufa hawajalipwa.

Wanavyuoni wa kale waliupa wizi wa mali ya vita jina lake mbali, nao ni ghuluul, wala hawakuuchanganya na wizi mwingine. Sababu yake ni wazi: ngawira kabla ya kugawanywa ina haki ya kila askari ndani yake, pamoja na haki ya maskini na yatima, hivyo achukuaye hata kamba ya kiatu amewaibia watu asiowajua idadi yao, wala hawezi kwenda kumtaka radhi kila mmoja.

Na atazame msomaji jinsi mambo hayo yalivyotokea katika nchi jirani. Serikali ya Uganda ilikuwa ikipigana na waasi katika sehemu za kaskazini tangu miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 ilitaka helikopta za vita, ikaagiza 4 kutoka Belarus kwa mkono wa kampuni ya kati, kwa thamani ya dola zaidi ya milioni 12. Mbili zilifika mwaka 1998, zikaonekana kuwa ni mikweche isiyofaa kuruka. Ilipoundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Julia Sebutinde, yalisikika mengi, na miongoni mwake ni kwamba Jenerali Salim Saleh, ndugu wa Rais, alikuwa ameahidiwa dola 800,000, yaani 200,000 kwa kila helikopta. Yeye mwenyewe alikiri hayo. Palikuwapo na wizi mwingine usiohitaji hata kampuni. Majina ya askari wasiokuwapo, waliokufa na waliotoroka na wasiozaliwa kabisa, yaliandikwa katika daftari la mishahara, na mshahara ukatolewa kila mwezi. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani Meja Jenerali James Kazini, aliyepata kuwa mkuu wa jeshi lile, kwa hasara iliyotokana na majina hayo, ikamhukumu kifungo cha miaka 3. Ghadhabu ya watu ilikuwa kubwa, na haki yao, maana askari hewa hapigi bunduki: kijiji kilichodhaniwa kuwa na walinzi 100 huenda kililindwa na 60, na waliolala nje kwa hofu ya waasi ndio waliolipa tofauti ile.

Akiuliza muulizaji: Hayo ni ya Uganda, nayo ilikuwa vitani, je, katika Tanzania, ambayo haikuwa vitani? Jawabu: Kificho cha jeshi hutumika hata bila ya vita. Serikali ya Tanzania ilinunua kwa kampuni ya Kiingereza ya BAE Systems mtambo wa rada kwa paundi milioni 28, karibu dola milioni 40 kwa wakati ule, na kibali cha kuutoa Uingereza kikapatikana Desemba 2001. Waliotetea ununuzi walisema kwamba anga la nchi lataka kuangaliwa, kwa ulinzi na kwa ndege za abiria, na neno hilo si la kudharauliwa. Lakini Benki ya Dunia iliupinga, na wataalamu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga waliona kuwa mtambo ule ni ghali na haufai vema kwa kazi ya ndege za abiria. Hata ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe palikuwa na mgawanyiko, Waziri Clare Short akipinga na Waziri Mkuu Tony Blair akikubali. Fedha ya kununulia ilikuwa ya mkopo wa benki, na nchi ile ile ilikuwa imetoka kuomba isamehewe madeni yake.

Baadaye ilijulikana kwamba dola zaidi ya milioni 12 zilikwenda katika kampuni za wakala mmoja aliyesimama katikati ya muuzaji na mnunuzi. Hiyo ni karibu sehemu 3 katika 10 za bei nzima. Ni wakala gani duniani alipwaye hivyo kwa maneno matupu?

Na hapa pana jambo la kujifunza kuliko yote. Kampuni ilipofikishwa mahakamani katika London Desemba 2010, haikushtakiwa kwa kutoa rushwa, wala haikukiri rushwa. Ilikiri kosa moja tu, la kutoweka hesabu zilizo sawa: malipo ya wakala yaliandikwa katika daftari kuwa ni ya huduma za ufundi, hali hayakuwa hivyo. Mtu asiyefikiri ataliona kosa dogo, kama la karani aliyekosea mstari. Lakini wizi wa kandarasi hauna alama nyingine. Rushwa hutolewa bila ya shahidi, wala mtoaji na mpokeaji hawapeani stakabadhi. Kitakachobaki ni mstari mmoja katika daftari, wenye jina lisilo lake. Mstari huo ukisomwa na mtu anayejua kuuliza, yote hufunuka. Usiposomwa, hulala milele. Faini ilikuwa paundi 500,000. Na kwa kuwa kampuni ilikuwa imekubali kutoa jumla ya milioni 30, faini ikiwa ndani yake, zilibaki milioni 29 na nusu kwa watu wa Tanzania. Mapatano yale yalikuwa na ajabu yake: kila ambapo faini ingezidi, haki ya Watanzania ingepungua.

Siri nayo ilionekana waziwazi katika Dodoma. Wabunge walipoulizia fedha za Benki Kuu zilizokwenda katika kampuni ya madini iliyoitwa Meremeta, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliambia Bunge mwaka 2008 kwamba jambo lile lahusu jeshi, wala halisemwi hadharani. Ulikuwa mwaka ule ule ambao gavana wa Benki Kuu alikuwa ameondolewa kwa ajili ya malipo ya shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya madeni ya nje, na watu hawakuwa na subira ya kusikia neno siri.

Akiuliza tena: Je, jeshi lisiwe na siri? Jawabu: Liwe nayo. Mahali silaha zilipo na idadi yake ni siri ya haki, kwa kuwa adui akizijua watu watakufa. Lakini bei iliyolipwa, na jina la aliyepewa fungu la katikati, havimfai adui kitu. Vyamfaa mwenye mali tu. Na ikiwa yapasa vifichwe sokoni, haipasi kufichwa kwa Mkaguzi Mkuu, ambaye Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 143, imempa daftari zote azisome. Hata kijijini, Mkutano Mkuu hukutana kila miezi 3 kusomewa mapato na matumizi, na mwenyekiti wa Ikungi au Mkalama hawezi kusema kwamba bei ya bati la zahanati ni siri.

Fedha za rada zilichelewa tena, maana kampuni ilitaka kuzigawa kwa njia yake, na wabunge wa Tanzania wakaenda London mwaka 2011 kuzidai. Mapatano yalitimia Machi 2012, na fedha zikawekwa kununua vitabu kwa ajili ya shule za msingi zote za nchi, takriban 16,000, na madawati. Mtoto wa Ikungi aliyeingia darasa la 1 Januari 2002, mwezi mmoja baada ya kibali cha rada, alikuwa amemaliza darasa la 7 mwaka 2008.