Fremu, Mfupa na Alama: Tatizo la Istilahi katika Uhuishaji wa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Istilahi nzuri haitaji dhana tu, bali humwongoza mwanafunzi kuielewa. Istilahi mbaya humpotosha kabla hajaigusa kazi yenyewe. Makala hii inaichunguza kauli hiyo kwa kutazama kipengele kimoja cha uhuishaji wa kompyuta, yaani uwekaji wa thamani za mwendo kwenye mifupa ya mhusika. Suala hili si la nadharia tupu. Afrika Mashariki ina wahuishaji wake, mathalani watayarishaji wa Ubongo Kids, kipindi kilichoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014. Wanaofuata nyayo zao wanahitaji lugha ya kufundishiwa.

2.0 Usuli wa Dhana

Katika studio za katuni za Marekani, ikiwemo ya Walt Disney, kazi iligawanywa. Mchoraji mkuu alichora picha zilizoonyesha mikao mikuu ya tendo, na wasaidizi wakachora picha za kati. Picha za mchoraji mkuu ndizo zilizozaa jina la Kiingereza linalounganisha maneno mawili: "ufunguo" na "fremu".

Katika miaka ya 1970, Nestor Burtnyk na Marceli Wein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada waliipa kompyuta kazi ya wasaidizi hao. Filamu ya Peter Foldès, La Faim (1974), ilitengenezwa kwa mbinu yao. Mwaka 1976 wawili hao walichapisha mbinu ya kuuongoza mchoro kwa kiunzi cha mifupa. Katika programu za leo zinazotumia mifupa, kinachohifadhiwa si picha tena, bali ni nafasi, mzunguko na ukubwa wa kila mfupa kwa wakati maalumu. Dhana imebadilika, lakini jina limebaki lile lile.

3.0 Uchambuzi

3.1 Mfano wa mkono unaopunga

Tuseme mhusika anainua mkono, kisha anapunga, kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Mfupa wa mkono wa juu unapewa nyuzi 0 katika fremu ya 1 na nyuzi 120 katika fremu ya 13. Iwapo ujazaji ni wa kasi isiyobadilika, kompyuta yenyewe itaupa nyuzi 60 katika fremu ya 7. Mfupa wa kigasha, ambao ni mtoto wa mfupa huo, utabebwa juu pamoja nao bila kuwekewa chochote, kwa kuwa mzunguko wake hupimwa kwa kurejelea mfupa mzazi.

Kigasha chenyewe kinatakiwa kianze kukunjika baada ya fremu ya 13 na kumaliza katika fremu ya 25. Mwanafunzi anayeamini kwamba fremu ya 13 "imekwisha kuwekwa" hatakigusa hapo. Atakiwekea thamani katika fremu ya 1 na ya 25 tu. Matokeo yake, kiwiko kitaanza kukunjika tangu mwanzo, mkono ukiwa bado unapanda. Ili kigasha kitulie, sharti thamani yake ya mwanzo irudiwe katika fremu ya 13.

Wanaisimu wanaijua hali inayokaribiana na hii. Mofimu kapa haionekani, lakini kutoonekana kwake kuna maana. Vivyo hivyo, mfupa usiowekewa thamani kati ya thamani mbili hauambiwi "tulia", bali unaambiwa "endelea na safari".

3.2 Istilahi zinazoshindana

Tafsiri ya "fremu muhimu" inalirudisha kosa lililoelezwa hapo juu, kwani inadokeza kwamba kilichowekwa ni picha nzima. Utohoaji nao una mtego wake. Neno la Kiingereza likiswahilishwa kwa sauti litakuwa "kifremu", na silabi ya kwanza itachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, kama ilivyotokea kwa "kiplefti", ambacho wingi wake ni "viplefti". Tofauti ni kwamba "kiplefti" hakikupotosha maana, ilhali "kifremu" kitaeleweka kuwa ni fremu ndogo.

Kuhusu kitengo cha kiunzi, programu ya Blender hukiita mfupa, na Maya hukitaja kwa neno lenye maana ya mahali mifupa inapoungana. Kutumia "kiungo" kwa maana hiyo ya pili kutaleta utata, kwa sababu neno hilo humaanisha pia mkono au mguu mzima. "Mfupa" halina utata huo.

Hivyo inapendekezwa kutofautisha dhana tatu: "alama ya mfupa", yaani thamani ya mfupa mmoja kwa wakati mmoja, "mkao elekezi", yaani alama za mifupa yote zilizowekwa kwa wakati mmoja, na "ujazaji", yaani kazi ya kompyuta kati ya alama na alama. "Fremu" ibaki na maana yake ya picha moja katika mfuatano.

4.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba lugha pokezi haina sababu ya kurithi utata wa lugha chasili. Kiingereza kinatumia jina moja kwa mambo mawili kwa sababu za kihistoria. Kiswahili, ambacho hakikupitia historia hiyo, kina nafasi ya kuyatenganisha tangu mwanzo. Mwanafunzi atakayeambiwa "weka alama ya kigasha katika fremu ya 13" atajua ni mfupa upi anaoushughulikia na ni ipi ambayo bado haijawekewa alama.