Luberizi kwa Miguu: Vidokezo vya Siku Nzima Bondeni

Bonde la Ruzizi humdanganya mgeni. Ukisimama Luberizi unaiona milima ya Wafuliiru magharibi, Burundi ng'ambo ya mto mashariki, na katikati ni ardhi bapa yenye mahindi, mihogo na mpunga. Barabara ya taifa namba 5 inakwenda Sange upande wa kusini na Luvungi upande wa kaskazini. Mtu wa Bukavu, aliyezoea kupanda na kushuka tangu utotoni, hutazama hayo yote akasema hapa hakuna kazi. Kumbe mlima wa huku ni jua.

1. Ondoka kabla ya jua. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana watu wake hulala na blanketi. Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, unaporomoka kwenye makorongo hadi Kamanyola, kisha unatambaa polepole bondeni mpaka Tanganyika, ambako kimo ni kama mita 770 tu. Milima nayo huizuia sehemu kubwa ya mvua, kwa hiyo huku chini ni joto na ukavu. Anza safari saa kumi na moja na nusu alfajiri, tembea hadi saa nne, halafu tafuta mwembe ukae. Kati ya saa tano na saa tisa hakuna anayekufukuza. Wakulima wenyewe saa hizo wamekwisha kutoka shambani, nawe hujawazidi akili.

2. Uliza njia asubuhi ileile. Habari ya jana haifai. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na Desemba mwaka huohuo vita vikashuka na barabara hii hii mpaka Uvira. Palipopitika wiki iliyopita leo panaweza kuwa pamefungwa. Usimuulize anayekwenda, muulize anayetoka huko. Waendesha moto, yaani pikipiki, na mama wa soko ndio wenye habari mbichi. Anza kwa salamu, usirushe swali kama askari:

"Jambo, mama. Habari ya safari?"
"Jambo sana. Njo tunatoka Sange."
"Njia iko namna gani leo?"

Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, hilo tayari ni jibu. Akikuambia rudi, rudi. Matembezi yataahirishwa na hakuna atakayekudai.

3. Kadi ya mpiga kura mfukoni, si ndani ya begi. Ndiyo kitambulisho chetu, na kwenye barieri hutaki kufungua begi zima mbele ya watu. Beba noti ndogondogo za franka, maana muuza ndizi hana chenji ya noti kubwa. Simu nayo iwe na adabu: Luberizi ina kambi ya jeshi, kwa hiyo usipige picha za askari, barieri wala madaraja, hata kama jua linazama vizuri nyuma yake. Mgeni na apite kwanza kwa chifu wa kijiji ajitambulishe. Dakika kumi za kiti na salamu zitakupunguzia maswali ya siku nzima.

4. Viatu: vile ulivyokwisha kuvizoea. Vipya ni vya kanisani.

5. Fuata mwendo wa mama wenye mizigo. Utawakuta njiani mapema, mihogo au mkaa mgongoni, kamba ikiwa imeshikwa na paji la uso, mara nyingine na mtoto juu yake. Wanaonekana wanakwenda taratibu. Jaribu kuwapita, na baada ya saa mbili watakukuta umekaa pembeni unavua viatu. Hawakimbii na hawasimamisimami. Wanapumzika mahali palepale kila mara, na mahali hapo pana kivuli. Hao ndio mabingwa wa kutembea wa Kivu, na inaniudhi kidogo kuwa tunawaita watembeaji wale tu wanaotembea bila kubeba kitu.

6. Maji ni ya kubeba, si ya kuokota. Uvira na vijiji vya bonde vinajulikana kwa kipindupindu, na kijito kinachong'aa hakikuambii kimepita wapi. Chemsha maji usiku, yaache yapoe, jaza kidumu. Lita tatu kwa mtu mmoja si nyingi kwa joto hili. Vidonge vya klorini vya kuongezea maji njiani havina uzito wowote. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumenya hiyo ndizi.

7. Tazama milima hata kama juu ya kichwa chako hakuna wingu. Vijito vyote vinavyokata barabara vinatoka juu. Mvua ikinyesha huko, huku chini utaona maji yanageuka rangi ya udongo na kupanda, nawe ungali unajipepea. Aprili 2020 mafuriko ya namna hiyo yalibomoa nyumba na kuua watu Uvira. Maji yakichafuka ghafula, usivuke, ngoja yapungue. Anayetaka siku isiyo na hofu ya mito atembee kati ya Juni na mwanzo wa Septemba, kiangazi, ila avumilie vumbi.

8. Ng'ombe wana haki ya njia. Kiangazi majani ya bonde yanapokauka, wafugaji hupandisha mifugo kwenda nyanda za juu, na mvua ikirudi hushuka nayo. Ukikutana na kundi, simama pembeni, usipige kelele, mwache mchungaji afanye kazi yake. Ila angalia unaposimama: usikanyage mihogo ya mtu. Ng'ombe ndani ya shamba ni ugomvi wa zamani hapa kati ya mkulima na mfugaji, na wewe mpita njia usiuongezee mguu wako.

9. Kula cha hapa. Mahindi ya kuchoma, muhogo wa kuchemsha na karanga, maembe msimu wake. Ukifika penye mkahawa wa mbao, agiza bugali na ndagala, ongeza sombe. Mimi huagiza mchana wakati wa kupumzika, maana bugali na jua la saa nane haviendi pamoja barabarani.

10. Usioge Ruzizi. Unavutia, najua. Lakini una viboko na mamba. Yule mamba maarufu Gustave, aliyetisha watu upande wa Burundi, alihusishwa na mto huu na ziwa unakoingia. Tena mto wenyewe ni mpaka wa nchi, na mtu anayeogelea mpakani hana maelezo mazuri ya kumpa askari wa upande wowote.

11. Rudi kwa moto. Kutembea kwenda kunatosha. Saa kumi jioni simama barabarani, patana bei kabla ya kupanda, mwambie dereva aende polepole, na uwe umefika kabla giza halijaingia. Akikuambia atabeba watu watatu, subiri moto nyingine.