Mama Aliyezaa Asianze Mizigo kwa Haraka

Mama mpendwa, umesikia habari ya Faith Kipyegon wa Kenya? Mwaka wa 2016 alishinda mbio za mita 1500 za Olimpiki. Mwaka wa 2018 akazaa mtoto. Alirudi mashindanoni mwaka wa 2019, akashinda tena Olimpiki mwaka wa 2021 na 2024. Kupumzika hakukumaliza nguvu zake.

Wewe hapa Ntoto hukimbilii medali, lakini kupanda mlima na kitunga cha mihogo mgongoni ni kazi ya nguvu kama mbio. Baada ya kuzaa, nyama za tumbo na za njia ya uzazi zimelegea. Zinahitaji wakati.

Basi, shika haya:

1. Majuma 6 ya kwanza usibebe mzigo mzito. Tembea polepole karibu na nyumba, ongeza kidogo kidogo.
2. Kula vizuri, kunywa maji, nyonyesha mtoto kabla ya kutoka.
3. Ukiona damu inazidi tena, ao ukisikia kitu kinashuka chini, acha kazi, njoo kituo cha afya siku ile ile. Damu nyingi haingoji kesho.

Ulizo: Majuma haya 6, nani nyumbani atachota maji na kuleta kuni? Zungumza na bwana yako mbele ya kuzaa.