Mawe Meupe ya Shambani: Kuyatambua, Kuyatunza na Kuyauza

Ndugu zetu wanavikundi, katika somo hili tunataka kuangalia jambo ambalo vikundi vya upande wa Taita, hasa Mwatate, Kasigau na Mangare, hutuuliza kila tunapowatembelea. Mtu analima, jembe linagonga jiwe jeupe linalong'aa. Au watoto wanaleta nyumbani kijiwe chenye ncha kama penseli. Halafu anakuja kijana kwa pikipiki, anasema atanunua gunia zima kwa bei ya kuku. Je, tumpe?

Kwanza tujue ni jiwe gani. Mara nyingi ni kwatzi. Kwatzi ni mchanganyiko wa silikoni na oksijeni, na ni miongoni mwa madini yaliyo mengi sana duniani. Hata mchanga wa mtoni, sehemu kubwa ni kwatzi iliyosagika. Kwa hiyo tusidanganyane: jiwe jeupe tupu, lisilo na umbo, halina bei ya maana. Msiache kupalilia mahindi kwa sababu yake. Chenye thamani ni fuwele, yaani jiwe lililokua lenyewe kwa nyuso laini na ncha kamili, bila kuchongwa na mtu.

Inakuaje? Zamani za kale maji ya moto yaliyoyeyusha silika yalipita katika nyufa za miamba. Yalipopoa, silika iliganda kidogo kidogo. Pale ufa ulipojaa wote, tunapata mkanda mweupe wa jiwe gumu na basi. Lakini pale palipobaki nafasi wazi, kama pango dogo, kwatzi ilipata mahali pa kukua na kutoa ncha. Ndiyo sababu mchimbaji mzoefu akikuta shimo dogo lililojaa udongo mwekundu ndani ya mwamba, huweka sururu chini. Fuwele nzuri mara nyingi zimelala ndani ya udongo huo. Utoe kwa mkono au kijiti, uutie kwenye debe, mkauoshe nyumbani juu ya chekeche.

Sasa majaribio, ambayo hata mama mzee anaweza kuyafanya jikoni. Chukua kipande cha chupa iliyovunjika na msumari. Kwatzi hukwaruza chupa, lakini msumari hauikwaruzi kwatzi. Kuna jiwe linaloitwa kalisaiti, nalo ni jeupe na hung'aa vizuri sana, limewadanganya wengi. Hilo msumari unalikwaruza, na likivunjika hutoa vipande vyenye pande bapa kama kijisanduku kilichoinama. Ukilisaga kidogo na kudondoshea siki, hutoa povu. Kwatzi haitoi povu, na ikivunjika hupasuka kwa mikunjo ya mviringo kama kitako cha chupa. Feldispa inachanganya zaidi kwa sababu nayo hukwaruza chupa, ingawa kwa shida. Yenyewe hupasuka kwa nyuso bapa zinazometa. Halafu hesabu pande za fuwele: kwatzi ina pande sita, na ukiielekeza kwenye mwanga utaona mistari midogo inayokata upande kwa upana. Tomalini ina mistari pia, ila yake inakwenda kwa urefu, na ukiitazama kutoka kwenye ncha ni kama pembetatu iliyovimba.

Rangi nazo zina maana. Kwatzi ya zambarau ndiyo amethisto, ile mnayoisoma katika Ufunuo 21:20 kwenye misingi ya ule mji. Rangi yake hutokana na chuma kidogo ndani ya jiwe pamoja na mnururisho wa asili wa miamba. Jambo ambalo wauzaji wa kando ya barabara hawaambiwi ni kwamba amethisto inaweza kufifia ikikaa sana juani. Meza ya kuonyesha mawe iwe kivulini. Kuna pia kwatzi ya rangi ya moshi na ile ya waridi.

Msiangalie kwatzi peke yake. Tazameni majirani zake: ulanga unaobanduka kama karatasi, tomalini nyeusi au kijani, ganeti zilizoviringana zenye nyuso nyingi. Ile ganeti ya kijani inayoitwa tsavoraiti iligunduliwa mwaka 1967 nchini Tanzania na Campbell Bridges, kisha akaipata Taita miaka michache baadaye. Baadaye kampuni ya Tiffany ya Marekani iliipa jina hilo kutokana na Tsavo yetu. Mara nyingi hujificha ndani ya bonge la mviringo, mfano wa kiazi, katika mwamba wenye weusi wa grafiti unaopaka mikono. Mtu asiyejua hulitupa kwenye kifusi.

Na hapa ndipo tunapoumia. Watu wengi wakiona fuwele imeshikamana na mwamba huinyofoa kwa nyundo. Mbona? Anayenunua mawe kwa ajili ya kukata pete anataka kipande safi, sawa. Lakini mkusanyaji wa madini, au jumba la makumbusho, anataka fuwele ikiwa imesimama juu ya mwamba wake, ncha nzima, pamoja na majirani zake. Ncha ikimeguka kidogo tu, bei huanguka. Kata mwamba mbali na fuwele, kwa tindo, polepole.

Kusafisha ni maji ya kawaida, mswaki mkuukuu na subira. Loweka siku mbili tatu. Msichemshe kwenye sufuria wala msianike karibu na moto, maana ndani ya fuwele nyingi kuna vitone vya maji tangu zilipokua, na joto la ghafla huzipasua. Asidi ya betri tusiisikie kabisa nyumbani kwenye watoto. Kisha funga kila kipande peke yake kwenye gazeti, si ati kuyatia yote guniani yagongane hadi Voi.

Kila kipande kipewe namba, na katibu aandike daftarini: tarehe, kijiji, shamba la nani, kina cha shimo, na kimetoka pamoja na mawe gani. Jiwe lisilojulikana lilikotoka hupoteza sehemu ya thamani yake kwa wakusanyaji. Daftari hilo hilo linazuia ugomvi wa wanachama.

Kuhusu mabroker, jifunzeni hesabu hii moja: gramu 1 ni karati 5. Tuseme mna jiwe la gramu 8. Broker akisema shilingi 1,000, muulizeni, ya gramu au ya karati? Kwa gramu ni 8,000. Kwa karati ni 40,000. Kikundi kiwe na mizani yake, na wasiende kuuza chini ya watu wawili. Kipande cha maonyesho, chenye mwamba wake, hakiuzwi kwa uzito kamwe. Huuzwa kizima baada ya kutazamwa.

Cheti cha shamba hakikupi madini. Katiba ya 2010 na Sheria ya Madini ya 2016 zinasema madini yote ni mali ya Jamhuri. Lakini sheria hiyo hiyo imemfungulia mchimbaji mdogo mlango: raia aliyetimiza umri wa mtu mzima anaweza kuomba kibali kupitia ofisi ya madini ya kaunti, na kibali ni cha miaka mitatu. Kikundi kilichosajiliwa husikizwa zaidi ya mtu mmoja mmoja. Katika mrabaha unaolipwa serikalini, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii ya mahali madini yanapotoka. Ndani ya mbuga ya Tsavo msiokote hata kijiwe.

La mwisho ni vumbi. Kupasua au kusaga kwatzi ikiwa kavu hutoa vumbi laini ambalo huingia mapafuni na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na humweka mtu karibu zaidi na TB. Leso puani haizuii vumbi hilo. Mwagia mwamba maji kabla ya kupiga, kaa upande upepo unakotoka, na mama asisage mawe huku amebeba mtoto mgongoni. Ukikohoa kwa zaidi ya wiki mbili, nenda zahanati na umwambie daktari wazi kwamba unafanya kazi ya mawe, kwa sababu usipomwambia hataulizia.

Ya kujadiliana kikundini: Ni nani kati yetu atakayeshika daftari la mawe, na mizani itawekwa kwa nani? Mashimo yaliyoachwa wazi katika mashamba yetu ni mangapi, na yatafukiwa lini kabla mvua hazijaanza? Kipande kikipatikana katika shamba la mtu asiye mwanachama, tutagawanaje naye?